Upande Wenye Alama

Kimberly, Wisconsin
14 Januari

Ilona,

Kama unaisoma hii, basi ulikumbuka kuingiza mkono kwenye bomba la katikati ya jora kabla hujalifungua, na Prentiss, bosi wako, hakukuwahi. Mambo ya kazi yamo kwenye karatasi za kazi, zina mihuri na namba na kila kitu wanachokipenda wakubwa. Humu ni mimi tu.

Hilo ndilo jora letu la kwanza. Unakumbuka tulivyokuwa tukipaka kwa mkono juu ya kioo pale chuoni, kipande cha ukubwa wa bahasha, tumeshika pumzi kama watu wanaomkata kichanga kucha? Sasa wino ni ule ule, plastiki iliyoyeyushwa na unga wa kauri ndani yake, lakini unatoka kwenye mdomo wa chuma wenye upana wa mlango. Unamwagika juu ya ukanda unaokimbia, unaingia tanurini, unatoka ukiwa utando mkavu, unapita chini ya nyaya za umeme mkali ili chembe zote zigeukie upande mmoja, halafu Dolores anauzungusha kuwa jora. Wiki tatu za kwanza tulitoa michirizi na mapovu. Unga ulikuwa unatuama kwenye bomba kama mashapo ya kahawa. Sasa hautuami. Siwezi kukueleza raha yake.

Nikujulishe kwa Dolores Vander Zanden. Alizungusha karatasi humu humu mpaka kiwanda kilipofungwa, na nilipofungua milango alikuwa wa kwanza kurudi. Siku ya kwanza aliuinua utando kwenye mwanga akaniuliza, "Huu ndio wa kutandika chini ya vitoto vya hospitali?"

Nikamwambia ndiyo. Mtoto akipumua, godoro linabonyea, utando unatoa umeme kidogo, mashine ya nesi inahesabu.

"Na asipopumua?"

"Inapiga kelele."

Akaushusha utando taratibu. Kisha: "Basi usiniletee haraka zenu za chuoni."

Ilona, wenye jengo wamekubali kutuvumilia mpaka Pasaka. Yule mnunuzi wa Minneapolis akiupokea mkeka utakaoundwa kwa utando huu, mashine inabaki na watu wote wa hapa wanabaki. Akiukataa, mashine inauzwa kwa wakata vyuma. Nilipoambiwa maabara itakayopima ni yenu, nilimpigia baba nikamwambia, "Tumepona, mpimaji ni Ilona." Akasema nisimtwishe mtu mzigo namna hiyo. Kwa hiyo sikutwishi mzigo. Nakwambia tu kwamba nilicheka kwa furaha.

Corrie
(Hietpas. Mwambie karani wenu ni H-I-E, si H-E-I.)


Akron, Ohio
29 Januari

Corrie,

Niliingiza mkono kabla ya kila mtu. Prentiss aliniona akasema, "Unamzalisha ng'ombe, Bodnar?" Nikamwambia natafuta ufa kwenye bomba.

Utando wako ni mzuri. Nimeandika hivyo kwenye ripoti kwa maneno makavu, lakini kwako naweza kusema kwamba nilikata kipande nikakiweka mezani, nikakibonyeza kwa ncha ya kidole, nikaona mstari unaruka kwenye kioo cha kipimo, nikakibonyeza tena na tena bila sababu yoyote ya kazi. Ulikuwa umekigusa wewe. Ni wazo la kijinga, najua, mashine ndiyo iliyokigusa. Tangu uondoke nimekuwa na mawazo mengi ya namna hiyo, na hapa hakuna mtu ambaye naweza kumwambia mawazo ya kijinga.

Nina manung'uniko mawili madogo. Umelizungusha jora huku upande wenye alama ya bluu ukiwa nje, kwa hiyo limefika limechunika kidogo kwenye kingo. Na la pili, ukiubonyeza upande wenye alama unatoa hasi. Michoro yetu ya mkeka imeuandika kuwa chanya. Si kosa, ni desturi tu, lakini inanilazimu nikumbuke kila mara, na ninapochoka sikumbuki. Jora lijalo ligeuze, utakuwa umenisaidia.

Mkeka wenyewe unataka tabaka mbili za utando, moja juu ya nyingine, ili umeme wa moja uongezee wa nyingine. Nitatumia mabaki ya jora hili na lile utakalonitumia. Mnunuzi anakuja Machi kuutazama ukifanya kazi.

Beth anaondoka mwezi wa sita, anamfuata mumewe Tulsa. Meza yake ile ya dirishani itabaki tupu. Prentiss ameniuliza kama namjua mtu. Nakwambia tu.

Ilona


Kimberly
16 Februari

Ilona,

Jora la pili hili. Nimeligeuza kama ulivyoomba, na usiniombe tena kitu mwaka huu, maana Dolores amenung'unika kutwa nzima. "Rafiki yako wa Ohio ana mikono laini sana?" "Rafiki yako wa Ohio anataka pia tumfungie kwa utepe?" Nikamwambia rafiki yangu wa Ohio ndiye atakayetupitisha au kutuangusha. Akasema, "Basi mwongezee utepe."

Baridi ya hapa wiki hii inakata masikio. Mto umeganda, na baba anakaa juu ya barafu na ndoo yake siku nzima anangojea samaki ambaye nadhani ameshahama. Asubuhi tunawasha tanuri mapema, watu wanakuja kuota moto wakijifanya wanakagua vipimo. Pao, anayechanganya wino, ameleta sufuria ya supu ya mama yake, tumekula tumesimama. Nilitazama huku na huku, kila mtu ana bakuli mkononi na ukanda unakimbia nyuma yetu, nikafikiri: hiki ndicho kilichonifanya niache chuo. Kama nilikuwa sijakuambia vizuri kwa nini niliondoka Akron, chukua hiyo.

Kuhusu meza ya Beth, asante kwa kunifikiria. Lakini unanijua. Mpe mtu anayependa dirisha.

Corrie


Akron
12 Machi

Corrie,

Ripoti itakufikia kwa njia yake. Sikutaka uisome kabla hujasikia kutoka kwangu.

Mkeka haukufanya kazi. Nilipima vipande vya jora la pili kabla ya kuviunganisha, kwa kile kipimo chetu kidogo cha mkononi kinachoonyesha nguvu peke yake, na vilikuwa hai, vizuri kama vya kwanza. Tukaziweka tabaka mbili kwenye mashine ya kubania kwa joto pamoja na gundi. Mnunuzi alikuwa amesimama pembeni na kahawa yake. Tukaweka mwanasesere wa majaribio, tukawasha pampu ya kumfanya "apumue." Mstari ulilala. Nikabonyeza kwa kiganja. Ukalala. Yule bwana alikuwa mpole, alisema, "Labda tupate chakula kwanza." Tuliporudi ulikuwa bado umelala.

Prentiss alisema ni joto, na mimi pia nikaona ni joto. Unajua jinsi utando huu ulivyo, ukipashwa kupita kiasi chembe zinalegea na kusahau zilikoelekezwa. Nimeandika kwamba utando wa Kimberly hauhimili mashine ya kubania. Nimesaini mimi, kwa sababu upimaji ulikuwa wangu, na nisingependa jina la mtu mwingine liwe chini ya karatasi hiyo.

Samahani. Neno hilo ni dogo na silioni likifika popote, lakini sina jingine.

Ilona


Kimberly
18 Machi

Ilona,

Nimesoma ripoti mara nyingi mpaka naijua kwa moyo. Siielewi.

Tulipasha utando huu hapa kwa joto kama lenu, hata zaidi, mwezi wa kumi na mbili. Nilikutumia matokeo. Ulitoka tanurini unapiga kelele kama mtoto mwenye njaa. Utando hausahau kwa joto lile. Unajua hausahau, uliandika sura nzima ya tasnifu yako juu ya jambo hilo, mimi ndiye niliyekuchapia marejeo!

Ubandueni huo mkeka. Pimeni kila tabaka peke yake. Ni kazi ya mchana mmoja. Au nitumie mimi. Wenye jengo wameshaisoma ripoti, lakini nimewaomba wasubiri, na nimewaambia maabara itarudia. Nimesema hivyo bila kukuuliza kwa sababu sikuona kama ni jambo la kuuliza.

Dolores anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Corrie


Akron
30 Machi

Corrie,

Nilimwomba Prentiss tuurudie. Alisema mkeka ni mali ya mnunuzi mpaka faili lifungwe, na mnunuzi hajaomba urudiwe. Nilisema tena kesho yake. Alisema, "Ilona, mteja ni yeye, si rafiki yako." Sikusema mara ya tatu.

Mashine yenu ya kupasha si kama yetu. Yetu inabana na kupasha kwa pamoja, na mgandamizo unaweza kubadilisha mengi. Sijui. Naandika haya usiku na mchana kichwani na kila mara yanatoka kama utetezi.

Naomba usinikasirikie nikisema jambo moja. Umefanya kazi ya watu watano. Umechukua kitu kilichokuwa juu ya kioo cha maabara ukakifanya mamia kwa mamia ya mita, na hakuna atakayekunyang'anya hilo, jengo liwepo lisiwepo. Kuna maisha nje ya Kimberly. Meza bado haijapata mtu. Nimemwambia Prentiss asubiri kidogo.

Ilona


Kimberly
24 Aprili

Ilona,

Pasaka imepita. Mashine imeuzwa. Jumatatu walikuja watu wawili wenye mashine za kukatia, wakaanza na tanuri. Pao aliomba ule mdomo wa chuma abaki nao kama kumbukumbu, wakamwambia ndio wenye thamani kuliko vyote.

Faili sasa limefungwa. Naomba mnitumie ule mkeka.

Corrie Hietpas


Akron
3 Mei

Corrie,

Mkeka umo ndani ya boksi hili. Nimeufunga kwa taulo yangu kwa sababu sikupata kitu kingine laini. Tabaka la juu limewekwa alama ikitazama juu, lile la chini alama ikitazama chini, kwa kuwa majora yalitofautiana. Hakuna kingine cha kueleza.

Ilona


Kimberly
11 Mei

Ilona,

Nimeketi jikoni kwa baba. Nitajaribu kuandika polepole.

Niliuweka mkeka kwenye friza lake, kati ya nyama ya kulungu na mifuko ya mahindi, mpaka gundi ikawa kavu kama biskuti. Nikaubandua kwa kisu cha siagi. Nilikuwa na kile kipimo cha zamani tulichotumia chuoni, kinachoonyesha chanya na hasi, nikakichomeka karibu na kibaniko cha mkate. Nikabonyeza tabaka la kwanza kwa kidole gumba. Hai. Nikabonyeza la pili. Hai, Ilona. Baba alikuwa anasoma gazeti, akaniuliza nalia nini.

Si joto. Hakuna chembe iliyosahau kitu. Tando zote mbili zinatoa hasi upande wenye alama. Wewe ukaziweka moja alama juu, nyingine alama chini. Kila mara mwanasesere alipopumua, moja ilisema ndiyo na nyingine ikasema hapana, kwa nguvu zile zile. Zilikuwa zinauana. Mkeka wako ulilala kwa sababu tando zote mbili zilikuwa nzima.

Uliniambia niligeuze jora. Nami nikaligeuza: nikamwomba Dolores alizungushe upande wenye alama ukiwa ndani, lisichunike tena. Ndicho nilichokielewa. Ulikuwa umelalamikia mambo mawili, ukaomba kwa neno moja. Kumbe ulitaka nigeuze umeme kwenye nyaya, ili upande wenye alama utoe chanya. Au ulitaka yote mawili. Nimeisoma barua yako tena, na hata sasa siwezi kuapa ulitaka lipi.

Ningeweza kuuliza. Kuna karatasi ya kazi ya mambo hayo, ina sehemu ya chanya na hasi, ingetulazimisha kuandika. Lakini tuliliweka jambo la kazi kwenye barua za bombani, mahali tunapoelewana bila kumaliza sentensi. Tulijiona tunaelewana sana. Hilo ni letu sote na nalibeba nusu yangu.

Nakuomba mambo mawili. Mwandikie mnunuzi ukweli, kwa jina lako. Sidhani kama kuna kitakachorudi, lakini sitaki iandikwe popote kwamba utando wa watu hawa ulikuwa mbovu. Na uje. Ijumaa wote bado tunakula samaki pale kwenye ukumbi wa mchezo wa boling, ni mazoea tu, hakuna aliyejua namna ya kuacha. Uje uwaambie wewe. Mimi wakinisikia watafikiri nawafariji.

Corrie


Akron
20 Mei

Corrie,

Niliposoma barua yako niliingia chooni nikakaa humo mpaka Beth akaja kugonga.

Nimeandika. Nimeandika kwamba kosa ni la maabara katika kupanga tabaka, kwamba utando wa Kimberly unahimili joto, na kwamba ripoti ya Machi ichukuliwe kuwa haipo. Prentiss alitaka niandike "hitilafu ya mawasiliano." Nikaandika "kosa." Akasaini chini yangu, jambo ambalo sikulitegemea kwake.

Mnunuzi alijibu siku ya pili. Anashukuru. Wameshafunga mkataba na watu wengine, utando wao si mzuri kama wenu, hilo amelisema mwenyewe, lakini majaribio ya hospitali yameanza na hawawezi kurudi nyuma. Anakutakia heri. Nimeambatisha nakala ya barua yake hapa kwa ajili yako na ya wenzako. Niliisoma nikimtafuta mtu wa kumchukia ndani yake, sikumpata.

Nitakuja Ijumaa ya tarehe 31. Nitaendesha gari, ili nipate saa nyingi za kufikiri nitakachosema. Najijua, nitafika sina hata sentensi moja.

Ilona


Akron
4 Juni

Corrie,

Nimefika salama. Nilisimama Indiana nikalala garini kidogo.

Sikujua kama watu wanaweza kupokea habari ya namna ile huku wakikupitishia sosi. Nilisimama pale, nyuma yangu mipira inagonga pini na watu wa meza nyingine wanashangilia, nikasema utando wenu haukuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, niliziweka tabaka kinyume. Pao akasema, "Kwa hiyo ulikuwa mzuri?" Nikasema ulikuwa mzuri sana. Akamgeukia mkewe akamwambia, "Umesikia? Ulikuwa mzuri," na mkewe akampapasa mgongoni. Nilitaka anirushie sahani. Badala yake baba yako alinisogezea kipande cha mkate wa nafaka ya rai akasema nimekonda.

Dolores ndiye peke yake aliyeniangalia usoni muda wote. Alingoja mpaka nimeketi. "Binti," akasema, "mna simu huko Ohio?"

Watu walicheka. Nikasema tunazo. Akasema, "Nilitaka tu kujua," akarudi kwenye viazi vyake.

Ulinisindikiza mpaka kwenye gari na tukazungumza juu ya barabara ya kupita, kama njia ya Chicago ina foleni. Nilikuwa na mengi. Njia nzima nilikuwa nayo, na nimerudi nayo yote.

Najua si wakati wake. Lakini Beth anaondoka wiki ijayo, na nafasi ile bado ipo. Mshahara ni mzuri. Wangekuacha ujenge mashine ndogo ya kupaka, Prentiss amekubali, nimempigania hilo. Ungeanza upya ukiwa na watu wanaojua thamani yako. Naandika hili nikijua linavyosikika. Niambie chochote, hata neno moja.

Ilona


Kimberly
15 Juni

Ilona,

Asante kwa kuja. Namaanisha hivyo. Pao ameibandika ile barua ya mnunuzi kwenye mlango wa jokofu lake, juu ya picha za wanawe. Kwa wengine ilikuwa kama kurudishiwa jina, na aliyelirudisha ni wewe. Haikuwa kazi rahisi.

Kuhusu Akron, hapana. Nimepata kazi Green Bay, kiwanda cha karatasi za chooni, zamu ya asubuhi. Cheka, mimi nimeshacheka. Dolores hakupata, anasema amechoka kutafuta na anamlea mjukuu. Siku hizi nikipita kwake ananipa keki ya kubeba, nami naichukua, kwa kuwa nikikataa ndipo tutalazimika kuzungumza.

Lile swali lake, watu wote walicheka. Wewe ulicheka. Mimi nilikuwa nakutazama, na nimekaa nalo tangu siku ile.

Nilikuandikia Februari kwamba Dolores amenung'unika kutwa nzima kwa sababu ya ombi lako. Dolores hagusi nyaya za umeme. Anazungusha jora, basi, na nilikueleza hivyo tangu barua ya kwanza. Mtu mwingine angepitiwa. Wewe, uliyenifanya nisome kila ukurasa wa tasnifu yako mara mbili kwa ajili ya koma, hukupitiwa. Nadhani ulisoma ukaona barua yangu inaweza kuwa na maana mbili. Nadhani ulinyanyua simu, naweza hata kuona jinsi ulivyoishika. Halafu ukairudisha mezani. Na nadhani mkeka ulipolala ulijua, au ulijua kwamba kuna kitu cha kujua, na ndiyo maana hukusema na Prentiss mara ya tatu. Ungepiga simu, ningepokea. Ningekwambia. Mkeka ungefanya kazi, nami ningebaki hapa.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana ulichoka tu, kama ulivyosema. Usiniandikie kunieleza ni lipi, kwa sababu nitakuamini kwa lolote utakalosema, na sitaki kuamini kitu sasa hivi.

Sikuwahi kukuuliza ulivyobaki Akron baada ya mimi kuondoka. Nilikutumia habari za supu na baridi na watu wangu, barua baada ya barua, nikidhani nakugawia furaha. Ulikuwa ukijibu vizuri sana. Ningesikiliza vizuri zaidi, labda ungekuwa na mtu wa kumwambia mawazo ya kijinga, na meza ya Beth ingekuwa meza tu.

Taulo yako nimeifua, nitaituma.

Ilona, naomba usinipigie kwa sasa. Nikiona jina lako nitapokea.

Corrie